Kiangazi Kikiisha Cibitoke: Kazi za Bustani Kabla ya Mvua

Katika nchi za Ulaya mwaka wa mwenye bustani hufunguliwa na mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka na ardhi iliyoganda inapolegea. Lakini sisi tunaokaa katika tambarare ya Imbo, kandokando ya Ziwa Tanganyika, hatujui ardhi ifungwayo na baridi, maana yetu hufungwa na ukame, na miezi inayoifungua ni Septemba na Oktoba, ambayo Warundi huiita Nyakanga na Gitugutu. Kuanzia Juni hata mwisho wa Agosti, mbingu juu ya Cibitoke, mtaa huu wa kaskazini ya Bujumbura ulio katika tarafa ya Ntahangwa, jirani na Mutakura, Ngagara, Kinama na Kamenge, haziangushi tone ila kwa nadra. Majani ya miembe hufunikwa na vumbi la barabara, viwanja hupasuka, na mboga zinazosalia ni zile tu zilizobahatika kuota karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Kisha mawingu huanza kukusanyika alasiri juu ya milima ya mashariki, na kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake hulitafuta jembe.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi za majuma yale ya mwanzo wa msimu ambao wakulima wa Burundi huuita agatasi, ulio wa kwanza kati ya misimu mitatu ya kilimo. Wa pili, impeshi, huanza karibu na Februari, na wa tatu, ici, ni ule wa kiangazi unaolimwa mabondeni penye unyevu. Makala haya yanatetea pia rai moja ninayoishika kwa moyo wote, kwamba bustani ya mtaani, yenye hatua chache tu kwa upana na urefu, hufaulu au huharibika kwa kazi zinazoitangulia mbegu. Mbegu njema hununuliwa sokoni na yeyote mwenye fedha. Ardhi iliyo tayari kuipokea hainunuliki, haina budi kutengenezwa kwa mikono, na wakati wa kuitengeneza hupita upesi.

Kazi ya kwanza haihusiani na mmea wowote, nayo ni kuyatafutia maji njia. Bujumbura imekaa juu ya uwanda ulio karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima inayoukabili upande wa mashariki hupanda kwa ghafla hata kuzidi mita 2,000, katika masafa ambayo mtu mwenye gari huyamaliza kwa muda usiotimia saa moja. Mvua ya uwanda wenyewe si nyingi, takribani milimita 800 kwa mwaka, chini sana ya ile inayonyesha katika msitu wa Kibira huko milimani. Lakini huja kwa kishindo, na ile iliyonyesha milimani huteremka juu yetu ikiwa imekwisha kuchukua udongo, mawe na takataka za njia nzima. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mitaa ya kaskazini ilipata kuyajua maji hayo kwa msiba mkubwa, mvua ya saa chache ilipoangusha nyumba kwa mamia, ikaua watu zaidi ya 60, na kuwaacha maelfu bila makao. Mwenye kukumbuka usiku ule haoni kuwa ni kazi ndogo kusafisha mfereji ulio mbele ya mlango wake mwezi wa Septemba, wakati mchanga wa mwaka jana ungali mkavu na wepesi kuondolewa kwa sepetu.

Mfereji wa barabara husafishwa kwa pamoja, na asubuhi za Jumamosi zilizowekwa kwa kazi za umma, ambazo hapa huitwa ibikorwa rusangi, zinafaa sana kwa shughuli hiyo. Lakini ndani ya kiwanja kila mtu ni mtawala wa maji yake mwenyewe. Angalia mteremko wa uwanja wako, hata kama ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, kwa kumwaga ndoo moja ya maji na kufuata yanakokwenda. Mahali yanapokimbilia, chimba kijishimo kirefu kinachokatiza mteremko, chenye kina cha mkono mmoja hivi, na udongo unaotoka uuweke upande wa chini uwe tuta. Juu ya tuta panda matete au nyasi nyingine yenye mizizi mingi, ambayo utawalisha mbuzi au kuitandaza bustanini. Maji yatakayotua katika shimo hilo yatazama polepole na kuinywesha migomba, badala ya kutoka na rutuba yako kwenda mto Nyabagere na hatimaye ziwani. Fauka ya hayo, kusanya makopo, magurudumu ya zamani na vyombo vilivyovunjika kabla mvua haijavijaza, kwa sababu mbu wa malaria na ndugu zake hawahitaji bwawa. Na mji huu hauna sababu ya kuwasahau, maana ni mwaka 2017 tu serikali ilipotangaza kuwa malaria imefikia kiwango cha janga nchini.

Baada ya maji huja udongo, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa kuwa udongo wa mjini una maradhi yake. Wengi wetu hulima juu ya ardhi iliyokwisha kupokea kila kitu: vipande vya matofali, majivu, vigae, betri zilizokufa, na mifuko ya plastiki ya miaka mingi, ambayo ingawa ilipigwa marufuku kwa amri ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa miaka miwili baadaye, ingali imezikwa chini ya miguu yetu. Mfuko uliozikwa huzuia maji yasishuke na mizizi isipite. Mmea uliosimama juu yake hunyauka adhuhuri hata siku iliyofuata mvua, na mwenyewe hulaumu mbegu. Kwa hiyo chimbua taratibu, kipande baada ya kipande, uokote kwa mkono kila kisichooza. Udongo mkavu wa Agosti ni mgumu na huuvunja mpini. Umwagilie jioni sehemu unayokusudia kuilima, uache usiku upite, na alfajiri utaukuta umekubali jembe.

Ada ya kufagia majani yote na kuyachoma moto pembeni mwa uwanja ni ada ninayotamani ife kabisa, maana moshi huo ni chakula cha bustani kinachopaa angani, na wagonjwa wa kifua katika nyumba za jirani ndio wanaokilipia. Majani ya mwembe, maganda ya ndizi na ya mihogo, taka za mboga, mavi ya mbuzi na ya kuku, vyote vikitiwa tabaka juu ya tabaka katika shimo lenye kivuli, vikinyunyiziwa maji ya kuoshea mboga na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mbolea nyeusi yenye harufu ya msituni baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye kuanza Julai huvuna mbolea Oktoba. Mavi mabichi ya kuku yasitiwe moja kwa moja kwenye mizizi, huiunguza. Kwa kuwa uwanda wa Imbo unalima mpunga, pumba zake ngumu hupatikana kwa gharama ndogo kwenye mashine za kukoboa, nazo ni hazina kwa yeyote anayetaka kufunika ardhi isipigwe na jua. Jivu la makaa nalo lina faida, hasa kuzuia sota wanaokata miche usiku, lakini litiwe kwa uchache: udongo wa tambarare ya Rusizi una sehemu zenye chumvichumvi, tofauti na ule mchachu wa milimani, na jivu jingi huongeza dhara badala ya nafuu.

Umbo la kitalu litokane na asili ya udongo. Uchukue ngumi moja iliyoloa na kuifinya: ukishikamana na kung'aa, ni wa mfinyanzi, basi matuta yainuliwe kiasi cha shibiri moja ili mizizi isizame majini mwezi wa Novemba; ukimwagika kama mchanga, fanya kinyume, yaani chimba vitalu vishuke kidogo chini ya njia, vishike kila tone. Mitaa yetu ina udongo wa aina zote mbili, pengine katika kiwanja kimoja, kwa sababu mito ndiyo iliyoumwaga hapa zamani kila ulipobadilika mkondo wake, na anayeiga matuta ya jirani bila kufinya udongo wake mwenyewe huiga jambo lisilomhusu.

Wakati huo huo miche iwe imekwisha kuota. Nyanya, pilipili, na zile nyanya chungu ambazo hapa tunaziita intore, hazipendi kurushwa shambani kama mbegu; zinataka malezi ya majuma manne hadi sita katika kitalu kidogo, au katika karai bovu lililotobolewa chini, lenye mchanganyiko wa udongo, mchanga na mbolea iliyooza barabara. Mbegu zisipandwe kwa kina kirefu wala kwa msongamano, maana miche iliyobanana hunyauka shingoni na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Kitalu kiwe na paa jepesi la makuti au nyasi, lenye kuruhusu mwanga, kimwagiliwe asubuhi, na katika juma la mwisho paa liondolewe kidogo kidogo na maji yapunguzwe, ili mche ulioelekea kuwa mteke upate kukaza shina kabla ya kuhamishwa. Anayeanza kitalu mwishoni mwa Agosti atakuwa na miche iliyo tayari mvua inapotulia. Anayengoja mvua ndipo aanze atahamisha nyanya zake katikati ya manyunyu ya Novemba na Desemba, wakati ambapo ukungu wa majani unashambulia kwa nguvu zake zote, na atapoteza nyingi.

Sasa nafika katika jambo ambalo wakulima wapya wa mjini hulikosea kuliko mengine yote. Mvua ya kwanza haipandiwi. Aghalabu hunyesha mara moja au mbili katika Septemba, kwa kelele nyingi na ngurumo, vumbi likatulia, watoto wakacheza nje, na watu wakakimbilia dukani kununua mbegu. Kisha jua hurudi kwa siku nyingi mfululizo, likaikausha mbegu iliyokwisha kupasuka, na fedha za nyumba zikapotea pamoja nayo. Kipimo ni chepesi: chimba kwa kisu baada ya mvua, na iwapo unyevu haujashuka shibiri moja kamili, usipande, ihifadhi mbegu yako. Subiri mvua ya pili ikutane na ya kwanza ardhini. Katika uwanda huu hilo hutokea mara nyingi Oktoba, pengine mwishoni mwake, na miaka haifanani.

Subira hii ni ya zamani, wala si ya Warundi peke yao. Katika Burundi ya wafalme mwaka wa mtama ulitawaliwa na Umuganuro, sherehe iliyofanyika karibu na Desemba mbele ya mfalme kwa mlio wa ngoma, hata ilipokomeshwa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Huko pwani, Waswahili walihesabu siku kwa makumi kuanzia Nairuzi, ambayo kumbukumbu yake ingali hai katika sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua mwongo wa kupanda na baharia alijua mwongo wa kutweka tanga. Na jamaa zetu waliohamia Ubelgiji, wenye vipande vyao vya bustani pembezoni mwa miji, hufundishwa na majirani kutotoa miche ya nyanya nje kabla ya sikukuu za watakatifu Mamertus, Pancras na Servatius, tarehe 11 hadi 13 Mei, kwa kuwa jalidi ya usiku mmoja huweza kuiua yote. Wao hungoja baridi ipite na sisi hungoja maji yakae.

Maadamu ardhi imeloa, mboga za majani ndizo za kuanza nazo, kwa sababu hulipa mapema. Mbegu ya lengalenga ni ndogo mno. Ichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kurushwa, ifunikwe kwa udongo mwembamba kabisa, nayo huanza kuchumwa majuma matatu au manne baadaye. Mwenye busara harushi yote siku moja, bali hugawa kitalu katika sehemu na kurusha moja kila baada ya majuma mawili, asije akala lengalenga asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja kisha akakosa kabisa. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina vyenye urefu wa mkono, vikilazwa katika tuta na ncha zikitokeza. Aliyeyatunza machache wakati wa kiangazi chini ya bomba ana mbegu ya bure, na anaweza kumpa jirani. Kwa mihogo inayopandwa kwa ajili ya sombe, yaani majani yake, chagua vijiti kutoka shina lenye majani yaliyonyooka, kwani majani yaliyokunjamana yenye mabaka ya manjano ni dalili ya batobato, ugonjwa unaosafiri ndani ya kijiti chenyewe; ukipanda kijiti kigonjwa, umepanda ugonjwa, na mbolea yoyote haitakusaidia.

Migomba inastahili maneno zaidi, kwa kuwa hakuna mmea unaolipa fadhila katika kiwanja kidogo kama huo, na hakuna unaoonewa kama huo. Kabla ya mvua, kata majani makavu yanayoning'inia, uyatandaze kulizunguka shina. Ng'oa machipukizi ya ziada, ukiacha mama, binti mmoja na mjukuu mmoja, kila mmoja akielekea upande wenye nafasi. Mgomba mpya upewe shimo la upana na kina cha sentimita 60 hivi, lililojazwa mbolea na udongo wa juu, na chipukizi lake lisafishwe mizizi yote kwa kisu mpaka lionekane jeupe, ili vifukusi na minyoo wasiingie nalo. Zaidi ya yote, utazame mgomba unaotoa majani membamba, mafupi, yaliyosimama wima na kubanana kileleni kama shada la maua. Huo una virusi vinavyoenezwa na vidukari na kwa machipukizi, vilivyokwisha kuonekana katika bonde la Rusizi tangu miaka ya 1980. Hautazaa tena, wala hauna dawa. Najua inavyouma kuung'oa mgomba uliopandwa na mzazi, lakini huna budi kuung'oa pamoja na shina lake lote la chini na kuukatakata, kwani kuuacha kwa huruma ni kuihukumu migomba ya mtaa mzima. Shimo hilo lipandwe mboga kwanza. Chipukizi jipya litoke katika shamba linalojulikana kuwa safi.

Miti ya matunda hungoja kidogo, hata Novemba, mvua inapokuwa imezoea kunyesha. Tangu mwaka 2018, mradi wa taifa uitwao Ewe Burundi Urambaye umeeneza miche milimani na mabondeni, na ni fahari kuona mlima uliokuwa uchi ukivikwa. Lakini si kila mti wa mlimani ni wa uwani. Mkaratusi usipandwe karibu na nyumba wala karibu na mboga, unakunywa bila kugawa. Mwembe na mparachichi vinataka nafasi pana na visisogezwe ukutani. Kwa kiwanja kidogo mpapai ndio rafiki: panda miche mitatu katika shimo moja, na itakapotoa maua, ung'oe ile ya kiume yenye maua madogo yaliyotapakaa juu ya vikonyo virefu, ukibakisha wenye ua lililokaa karibu na shina. Huu pia ndio wakati wa kuziba mianya ya ua kwa vijiti vya mnyaa, ambavyo hushika kwa urahisi mno. Mwenye kuvikata ajihadhari, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaleta maumivu makali, na watoto wasiachwe kuuchezea. Ua usipozibwa kabla ya mboga kuota, mbuzi wa mtaani watakuwa wamevuna wao.

Wapangaji wasio na ardhi, nao ni wengi katika Cibitoke, wasidhani kwamba hayo hayawahusu. Gunia lililojazwa udongo uliochanganywa na mbolea, likiwekwa nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hata chini, na kutobolewa pembeni mashimo ya kupandia, hulisha mboga nyumba ndogo katika eneo lisilozidi hatua moja ya mraba. Na mpangaji akihama, huhama na nguzo yake ya kokoto na mbegu zake.

Kisha magugu. Yataota kabla ya mboga zako, na palizi ya kwanza ifanyike yakiwa na majani mawili au matatu, katika asubuhi kavu, ili jua limalize kazi. Wanaotumia mbolea za kiwanda cha FOMI cha hapa nchini wakumbuke kuwa Imbura huwekwa wakati wa kupanda na Bagara wakati wa palizi, na kwamba mbolea ya dukani haichukui nafasi ya shimo la taka. Huongezea tu juu ya udongo uliokwisha kulishwa. Nyanya zifungwe kwenye vijiti mapema, majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe, na maji yamwagwe chini ya shina, si juu ya majani.

Kati ya Januari na Februari mvua hupumzika kwa majuma machache, na bustani nyingi zilizostawi hufia hapo, kwa kuwa wenyewe waliamini kuwa masika hayana mapumziko. Pumba za mpunga na majani ya mgomba yaliyohifadhiwa tangu Septemba yatandazwe juu ya vitalu kabla ya Krismasi, unene wa vidole vinne, pasipo kugusa mashina. Na katika kila kitalu cha lengalenga acha mimea mitatu au minne iliyo bora, isichumwe kabisa, mpaka vichwa vyake vikauke na kuanza kudondosha. Uikung'ute juu ya kitambaa, upepete, uiweke mbegu ndani ya chupa kavu yenye majivu kidogo na kuifunga. Hiyo ndiyo ya kurusha impeshi itakapoanza.